Siku Niliyomgeukia Mhubiri

Kwa miezi minane hivi nilihubiri katika kanisa letu la Riruta mahubiri ambayo hakuna mhubiri aliyeyahubiri. Nayasema haya nikiwa na akili zangu timamu. Mimi nilikuwa mtafsiri. Pasta anasema sentensi kwa Kiingereza, mimi naisema kwa Kiswahili. Akiinua mkono, nainua mkono. Akipiga hatua mbili kuelekea kinanda, niko naye bega kwa bega. Kiswahili Pasta anakijua vizuri sana, siku za wiki ndicho anachonunulia mkate. Lakini Jumapili ni Kiingereza, na mtafsiri kando. Msiniulize kwa nini, makanisa mengi ya upande wetu ndivyo yalivyo. Kazi hiyo niliifanya miaka kumi na sita na sitajifanya mnyenyekevu hapa: nilikuwa hodari.

Masikio yalianza kuniacha polepole. Wiki nzima huwa niko River Road, kwenye chumba cha kuchapishia kadi za harusi na ratiba za mazishi, mashine tatu zikinguruma tangu saa mbili asubuhi. Humo ndani tunaongea kwa mikono na kwa kupiga kelele, kwa hiyo hakuna aliyegundua kwamba sisikii, nami mwenyewe nikachelewa kugundua. Nilipogundua, nikaficha. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi methali hiyo nilikuwa nimewahi kuitafsiri kwa sauti kubwa mbele ya watu mia mbili.

Kuficha hakukuwa kugumu. Nilikuwa nimemsikiliza Pasta miaka mingi hata ningeweza kumhubiri usingizini. Akiinua vidole vitatu, anakuja na mambo matatu, na la tatu siku zote ni unyenyekevu. Akikunja ngumi, shetani ameshafika. Akipangusa uso kwa kitambaa, tunakaribia sadaka. Nikawa nashika maneno mawili matatu ninayoyapata, mengine najazia mwenyewe. Walioelewa Kiingereza walikaa nyuma na simu zao, wakadhani naongeza chumvi tu. Walioumia ni wa viti vya mbele, wazee na akina mama ambao Kiingereza hawakukijua, walionitegemea mimi.

Kiti cha kwanza kabisa, mkono wa kulia, kilikuwa cha bibi mmoja mzee kutoka Ukambani. Sote tulimwita Susu, yaani nyanya kwa lugha ya kwao. Kiti hicho hakuna aliyethubutu kukikalia, hata wageni walionywa mlangoni. Sasa, Jumapili moja nilikuwa sijapata neno zima kwa dakika nzima. Kimya kikawa kirefu, watu wananitazama, jasho linanitoka. Nikafungua mdomo na haya ndiyo yaliyotoka: "Kuna mtu hapa hajaongea na dada yake miaka mingi. Nenda kwake ukiwa bado una miguu ya kwenda." Sijui niliyatoa wapi. Watu wakasema amina, nami nikapumua.

Wiki mbili baadaye Susu alinishika mkono nje ya mlango. Alikuwa ametoka Machakos kwa dada yake, ambaye hawakuwa wamesemezana tangu walipogombania kipande cha shamba walichoachiwa na mama yao. Wamepatana. Walilala kitanda kimoja, wakacheka usiku kucha hadi wajukuu wakawagombeza. Akanipa mfuko wa ndengu. "Hizi ni zako," akasema, "si za Pasta." Nilizipika, nyumba nzima ikasifu mchuzi, na mimi nikaisukuma sahani yangu kando. Nilikuwa nimemtuma bibi wa watu hadi Machakos kwa jina la Mungu, na Mungu wala Pasta hawakuwa na habari.

Aibu yangu ilikuja mwezi uliofuata. Pasta alisema jambo, mimi nikasema langu. Akanitazama, akarudia. Nikarudia langu kwa nguvu zaidi. Vijana wa nyuma wakaanza kucheka. Pasta akachukua kipaza sauti, akajitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili safi: tanki la maji lilikuwa limepasuka na choo cha wanaume kimefungwa. Mimi nilikuwa nimeshawafikisha watu ukingoni mwa mto Yordani, wamekunja suruali, tayari kuvuka.

Baada ya ibada akaniita ofisini. "Mama, umetumika sana," akasema, akinisogelea ili nisikie. "Pumzika kidogo." Kanisani ukiambiwa upumzike, hilo neno kidogo ni la heshima tu. Jumapili iliyofuata kipaza sauti alikuwa nacho mwalimu mmoja wa shule ya msingi, msichana mpole wa miaka ishirini na kitu. Nilikaa nikitafuta kosa lake. Hebu fikirieni ujinga huo, natafuta kosa la mtu ambaye hata simsikii.

Mume wangu ndiye aliyenipeleka Upper Hill, kwenye kliniki ya masikio. Nilipinga njia nzima. "Sikio la kufa halisikii dawa," nikamwambia, nikidhani nimemaliza mjadala. "Lako halijafa," akajibu, "linajidai tu, kama mwenyewe." Mtaalamu wa masikio alikuwa mwanamke kijana mwenye subira ambayo mimi sijawahi kuwa nayo. Alinifungia katika kichumba kisichopenyeza sauti, akanipa kitufe cha kubonyeza kila nikisikia mlio, na nilibonyeza mara chache kuliko nilivyotaka kukubali. Wiki tatu baadaye alinivisha mashine mbili ndogo za kijivu, moja nyuma ya kila sikio, na uzi mwembamba unaoingia ndani.

Siku ya kwanza nilidhani nimeuziwa wazimu. Sauti yangu mwenyewe ilinijia kama ya mtu anayeongea ndani ya pipa. Nyumbani, mfuniko wa sufuria ukianguka naruka. Nilikuwa nimeishi na mume wangu miaka thelathini na mmoja bila kujua kwamba akila muhogo anapumua kwa pua kama ng'ombe. Nikamwambia. Hakufurahi. Lakini jioni nilisikia mvua inaanza kabla sijaiona dirishani, nikakimbia kuanua nguo, na hilo nilishukuru.

Jumapili nikaenda kanisani kichwa juu, nikakaa safu ya kati. Mungu wangu! Kinanda chetu huwa hakinyamazi mahubiri yakiendelea, kinabembeleza chini chini tangu mwanzo hadi mwisho. Watoto walilia. Kuna mama alikuwa anafungua peremende ndani ya karatasi ya nailoni, nami niliisikia karatasi ile kuliko Injili. Ng'ambo ya ukuta kuna kanisa lingine lenye spika kubwa kuliko sisi, na fundi wa mageti anayekata vyuma hata siku ya Bwana. Mashine zangu hazikuwa na adabu, zilimpa mtoto anayelia na Pasta heshima sawa. Katikati ya mahubiri nilizichomoa, nikazifunga kwa leso, nikatoka. Nililia nyuma ya kanisa, na kilio chenyewe kilikuwa cha hasira. Nyumbani nikazitupa kwenye droo ya vijiko, zikakaa humo siku tisa.

Nitasema wazi nilichokuwa nataka, kwa sababu siku zile sikumwambia mtu. Nilitaka nafasi yangu. Nilitaka kipaza sauti changu na zile hatua mbili kuelekea kinanda. Na nilitaka, hata mara moja tu, kumtafsiria Susu kitu ambacho kimesemwa kweli. Alikuwa bado ananiletea ndengu.

Siku ya kumi nilizitoa kwenye droo, nikarudi Upper Hill, nikaziweka juu ya meza ya mtaalamu. "Chukua," nikasema. "Zinasikia kila kitu isipokuwa mtu."

Hakukasirika. "Mama, hiyo kazi yako ya kanisa," akauliza, "huwa unasimama wapi?"

Nikamweleza. Akainuka, akanivisha mashine, akanisimamisha kando yake bega kwa bega, sote tukitazama dirisha, kama Pasta na mtafsiri wanavyotazama watu. Akafungulia redio. Akasema jambo, sikulipata. Halafu akanishika mabega, akanigeuza hadi nikawa namtazama usoni. Akarudia. Nikalipata lote, redio ikiwa vile vile.

"Umeona?" akasema. "Nimeziset zichukue zaidi sauti ya mbele yako, penye kelele. Sasa wewe watu umewapa masikio, Pasta umempa bega."

Miaka kumi na sita nimesimama vile. Kila mtafsiri niliyewahi kumwona anasimama vile. Nilicheka hadi nikakaa chini. Akapunguza hiki, akaongeza kile kwenye kompyuta yake, kisha akanionya kwamba kichwa changu kimesahau kuchambua sauti na lazima kijifunze upya. Nianze na redio jikoni, kidogo kidogo, halafu niongeze kelele taratibu.

Mimi si mtu wa kidogo kidogo. Kesho yake, saa ya chakula cha mchana, nilitoka River Road nikaenda kwenye ile bustani ya katikati ya jiji ambako wahubiri wa mchana hugawana nyasi kama wachuuzi. Kulikuwa na mmoja mwenye suti ya kahawia, anahubiri Kiingereza na mtafsiri wake kando. Nikasimama hatua sita mbele yake, nimemkazia macho, nikaanza kumtafsiri kwa kunong'ona, nikishindana na yule kijana wake. Nyuma yangu makanga waliita abiria, spika ya muuza dawa za panya ikirudia maneno yale yale bila kuchoka. Siku ya kwanza niliambulia kichwa kuuma. Siku ya pili vile vile. Wiki ya pili nikaanza kupata mikia ya sentensi, halafu vichwa vyake. Mama mmoja aliyeniona midomo inatembea alidhani nimejazwa Roho, akaniwekea mkono begani, akaniombea. Sikumkatiza, nilihitaji msaada wowote.

Halafu ikaja Ijumaa moja ya wiki ya nne. Mhubiri akasema sentensi ndefu yenye kona tatu, na nikaipata yote, tangu neno la kwanza hadi la mwisho, makanga wakiita, panya wakiuawa kwenye spika. Niliimaliza kwa Kiswahili kabla ya mtafsiri wake. Na yule kijana alipoisema yeye, akaacha sehemu ya pili yote. Hasira zangu za zamani zikaniponyoka. "Umeacha nusu!" nikapaza sauti. Watu wakageuka. Mhubiri akanitazama, akacheka, akamwambia kijana wake, "Ni kweli, umeacha."

Jamani, furaha niliyoisikia! Nilirudi kazini nikitembea kama niliyeposwa. Na hapo River Road, mtu wa mkokoteni aliponijia kwa nyuma akiita "Kando! Kando!", nilikaa kando mwenyewe. Miaka mingi nilikuwa nakaa kando baada ya kusukumwa.

Nikaenda kwa Pasta. Nikamwambia anijaribu Alhamisi, wakati kwaya inafanya mazoezi, ili asiseme baadaye nilibebwa na utulivu. Alinipa sura nzima ya maneno huku wenye sauti nene wakipigana na wenye sauti nyembamba nyuma yetu. Nikamgeuzia neno kwa neno. Lakini hakupendezwa na namna nilivyosimama.

"Mtafsiri anaangalia watu," akasema. "Wewe umenikodolea mimi kama askari."

"Pasta," nikamwambia, "ukitaka masikio yangu, chukua na macho."

Alifikiri. Akanipa Jumapili moja, tuone.

Jumapili hiyo mwalimu alinikabidhi kipaza sauti mwenyewe, akaniminya vidole. Nilikuwa nimemnunia miezi mitatu na hakuwa amenikosea lolote. Nikasimama nimemwelekea Pasta kabisa, shavu moja kwa watu. Nikasikia minong'ono, na nilifurahi kwamba naweza kuisikia. Tukaanza. Sentensi ya kwanza ikaja, nikaipokea, nikaitoa. Ya pili. Ya kumi. Mwili ulikumbuka kazi, mkono ukainuka mkono ulipoinuka. Mtoto alilia, nikamwacha alie. Kinanda kikabembeleza, nikakiacha.

Ndipo mvua ikashuka juu ya mabati. Kanisa la jirani wakaongeza spika, na mpiga kinanda wetu naye akajibu. Pasta akainua vidole vitatu, akataja la kwanza, akataja la pili, na la tatu likazama lote. Nilimwona mdomo ukitembea, sikupata hata herufi. Akanyamaza kunisubiri. Watu mia mbili wakanisubiri.

Nililijua la tatu. Miaka kumi na sita la tatu lilikuwa unyenyekevu. Lilikuwa tayari limeshakaa kwenye ulimi, na lingetoka tamu, na hakuna ambaye angeniuliza. Nilimwona Susu kwa pembe ya jicho, mikono mapajani, ameinama mbele. Nikainua mkono.

"Pasta," nikasema ndani ya kipaza sauti, kwa Kiswahili, watu wote wakisikia, "sijasikia. Rudia, tafadhali."

Hata kinanda kilinyamaza. Pasta akanisogelea hatua moja, akarudia polepole. La tatu lilikuwa furaha. Lilibadilika lini, sijui, na hata mtu angeniambia, ningemtafsiri vingine. Nikalitoa kwa nguvu zangu zote, na kanisa likaitikia hadi nikapunguza mashine kwa kidole. Tulimaliza tukiwa tumelowa jasho sote wawili. "Wiki ijayo," Pasta akaniambia tukishuka, na hakusema tena "tuone".

Nje, mvua ikiwa imekatika, nilimtafuta Susu kabla sijapoteza ujasiri. Nikamsogeza kando, nikamwambia usoni. "Susu, ile habari ya dada yako. Pasta hakuisema. Niliitunga mimi, kwa sababu nilikuwa sisikii. Unisamehe."

Alinitazama kama mtu anayeambiwa jua limetoka. "Najua," akasema. "Pasta alikuwa anakunywa maji."

"Anakunywa maji?"

"Glasi iko kwa mdomo, na wewe unatafsiri!" Alicheka mpaka akashika ukuta. "Nikasema, haya, leo huyu anahubiri yake. Lakini ilikuwa kweli. Si ndio nikaenda? Si ndio ndengu nikaletea wewe?"

Nikacheka naye, nikalia kidogo, mzigo wa miezi yote ukanitoka mabegani. Halafu akaacha kucheka.

"Lakini leo sikushika kitu," akasema. "Hata moja."

Moyo ukanipasuka. "Susu, leo ndiyo siku nimetafsiri kila neno!"

"Ulikuwa umeangalia Pasta," akasema, kwa sauti ya chini ambayo mwaka uliopita nisingeisikia. "Mimi nasikianga na mdomo yako." Akagusa sikio lake la kulia, halafu la kushoto. "Hizi zilienda kitambo. Usiambie watu."

Nikakumbuka kiti cha kwanza, mkono wa kulia. Sote tulidhani ni ukubwa wa umri unaomkalisha pale. Kumbe miaka yote nilikuwa na mwenzangu hatua nne tu mbele yangu, anaficha kama mimi, tena bora kuliko mimi.

Jumapili iliyofuata nilisikiliza nikimtazama Pasta, nikasema nikimgeukia Susu, kushoto na kulia, sentensi baada ya sentensi, saa nzima. Vijana wa nyuma wakanibandika jina la feni. Shingo iliniuma hadi Jumatano. Susu alisema amina mahali pake, kila mara.

Kumshawishi kwenda Upper Hill kulichukua miezi miwili na matusi kadhaa ya Kikamba ambayo kwa bahati sikuyaelewa. Nilikaa naye kwenye kile kichumba, nikamwonyesha kitufe. Siku ya kuvishwa, mtaalamu alipowasha mashine, Susu alishtuka, akauliza nani anapuliza. Ilikuwa feni ya darini. Akachezesha vidole karibu na sikio, akavisikiliza.

Kisha mtaalamu akaanza kueleza, na yeye mambo yakiwa ya kitaalamu hukimbilia Kiingereza. Alisema mashine hizi hazitarudisha masikio ya usichana. Penye watu wengi atataabika, baadhi ya siku atatamani kuzitupa, na kuzoea kutachukua wiki nyingi, pengine miezi. Lakini kwa mtu mmoja, chumbani, uso kwa uso, atasikia vizuri.

Nilikuwa na maneno matamu ya kuongeza, mengi, yamejipanga. Nikamgeukia Susu ili auone mdomo wangu, kama alivyozoea, nikaanza kumwambia kila neno jinsi lilivyosemwa, baya na jema, bila chumvi. Nilipofika kwenye wiki nyingi, alifumba macho. Nikadhani amevunjika moyo, nikanyamaza.

"Endelea," akasema, macho bado ameyafumba. "Nasikia."